Nyumba salama au kodi ya miezi sita? Kikundi chetu cha Ngamiani kinaomba ushauri

Mama wa Barazani, Tanga

Assalaam alaykum, na habari za jioni kwa nyote. Naandika kwa niaba ya kikundi cha akina mama ishirini na watatu wa hapa Ngamiani, ambao kwa miaka sita tumekuwa tukiweka akiba na kukopeshana kila Jumamosi, na ambao mfuko wetu wa jamii, ule unaotengwa kwa ajili ya misiba na maradhi, umefikia shilingi 3,400,000. Mwezi uliopita tulikubaliana kwamba sehemu kubwa ya fedha hizi itumike kuwasaidia wanawake wanaofukuzwa au kukimbia majumbani mwao kwa sababu ya kipigo, lakini tangu siku hiyo hatujaelewana juu ya namna ya kuzitumia.

Naomba nieleze kilichotufikisha hapa. Mwezi wa Ramadhani, muda mfupi kabla ya daku, niligongewa mlango wa uani na jirani ambaye nilizoea kumwona akiuza vitumbua kwenye kona ya barabara yetu. Mguu mmoja ulikuwa na ndala na mwingine mtupu, mtoto wa mwaka mmoja na nusu alikuwa amebebwa mgongoni kwa kanga, na mkononi alishika kadi ya kliniki ya mtoto iliyokunjwa ndani ya jalada la daftari. Hakuwa na kitu kingine. Baadaye nilimwuliza kwa nini alichukua kadi na si fedha wala simu, akanijibu kwamba kadi ilikuwa imechomekwa juu ya fremu ya mlango, na mlango ndio aliokuwa akiukimbilia.

Alilala kwangu siku nne. Siku ya tano mumewe alikuja barazani kwa adabu zote, akiwa amefuatana na mzee wa mtaa, nasi kwa hofu tukamhamishia mama huyu kwa shangazi yake, ambako chumba kimoja kilikuwa tayari kinalala watu watano. Ule usemi wa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ulitimia bila mtu yeyote kuutamka. Tukamtafutia chumba. Kilipatikana cha shilingi 40,000 kwa mwezi, lakini mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo na dalali akataka ya mwezi mmoja kama malipo yake, jumla shilingi 280,000, na katiba ya kikundi chetu haikuruhusu kumpa fedha za mfuko mtu asiye mwanachama. Tulipokuwa bado tunabishana juu ya katiba, alirudi kwa mumewe. Wiki ya tatu alipelekwa hospitali akiwa amevunjika mkono. Naliandika hili kwa uchungu, kwa sababu fedha zilikuwemo sandukuni.

Sasa mwanachama mmoja amejitolea kiwanja chake kilicho nje kidogo ya mji, na wengi wanataka tujenge nyumba salama ya vyumba vitatu. Wengine, nikiwemo mimi, tunasita. Je, mashirika yanayofanya kazi hii hufanya nini hasa, na kikundi kidogo kama chetu kianzie wapi?

Mstaafu wa Ustawi wa Jamii, Bagamoyo

Wa alaykum salaam, dada yangu. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii katika wilaya mbalimbali za pwani kwa miaka ishirini na saba, na jibu langu nalitoa mwanzoni ili lisipotee katika maneno: msijenge.

Kabla ya sababu, nikukumbushe jambo moja kwa upole. Namna ulivyomweleza jirani yako, mtu wa barabara yenu anaweza kumtambua, na mtu huyo anaweza kuwa mumewe. Kama maelezo hayo ni yake halisi, tafadhali yabadilishe.

Nyumba salama inalindwa na siri kuliko inavyolindwa na ukuta. Niliwahi kuona nyumba moja ya hifadhi, ambayo sitaitaja, ikifunguliwa kwa kukata utepe, viongozi wakipiga picha mbele ya geti. Haukupita muda mrefu, wanaume wakawa wanaegesha pikipiki upande wa pili wa barabara na kungoja. Mafundi waliojenga wanaijua, muuza maji anaijua, dereva wa bodaboda aliyemleta mama usiku anaijua, na miji yetu hii ya pwani watu wanafahamiana hadi ukoo wa tatu. Ndiyo maana mashirika makini humwondoa mtu mwenye mume wa hatari katika mji wake kabisa na kumpeleka mkoa mwingine, na ndiyo maana nyumba yenu, hata ikijengwa vizuri, haitawafaa wanawake wa Ngamiani wenyewe. Zaidi ya hayo kuna mlinzi wa usiku, chakula, dawa, nauli, mtu wa kukaa na aliyeshindwa kulala, na kibali, kwa sababu makao ya watoto hayaruhusiwi kuendeshwa bila leseni chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, na wanawake hawa karibu wote huja na watoto. Shilingi 3,400,000 haziwezi hata kupandisha kuta, na siku kuta zitakaposimama ndipo gharama zitakapoanza.

Uliuliza mashirika hufanya nini. Kazi yenyewe huanza usiku uleule, na sehemu yake kubwa ni ya kusindikiza. Aliyepigwa hupelekwa kituo cha polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, hupewa fomu ya PF3, yaani fomu ya polisi ya uchunguzi wa daktari, ambayo hailipiwi, kisha hupelekwa hospitali. Na pale ambapo hospitali ina kituo cha mkono kwa mkono, polisi, daktari na afisa ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja ili mama asirudie kueleza aibu yake katika milango minne. Akiwa amebakwa, dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI ni lazima zianzwe ndani ya saa 72, na nguo alizovaa zisifuliwe. Nimeona kesi nyingi zikifa kwa sababu jirani mwema alimwogesha mwathirika kwanza, akamfulia na kumpa chai, na asubuhi hakukuwa na ushahidi wowote. Mwenye kuandamana naye akijua mambo haya matatu tu, ya dawati, PF3 na saa 72, amefanya kazi kubwa kuliko chumba kizima cha magodoro.

Baada ya hapo huja karatasi. Kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, cheti cha ndoa, kadi ya bima, vyote huwa vimebaki kwenye kabati la mume, na bila hivyo hapangi chumba, hasajili laini ya simu na mtoto hahami shule. Kuna mashirika ambayo yana mtu mmoja ambaye kazi yake ya kila siku ni kupanga foleni za karatasi. Jirani yako aliyetoka na kadi ya kliniki alikuwa mbele ya wengi niliowapokea.

Kisha ndipo tunafika mahali ulipopagusa mwenyewe. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulionyesha kuwa asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikwisha kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu wafikishe miaka 15, na ule wa 2022 ulionyesha asilimia 27. Kushuka huko ni jambo la kushukuru, lakini bado ni zaidi ya mwanamke mmoja katika kila wanne, na hakuna nyumba itakayowatosha. Nyumba salama ni ya yule ambaye maisha yake yamo hatarini usiku wa leo. Walio wengi wanahitaji chumba cha kawaida, katika nyumba ya kawaida, chenye risiti ya kodi kwa jina lao. Wengi wa wanawake niliowaona wakirudi kwa waume wanaowapiga hawakurudi kwa kusamehe, walirudishwa na kodi ya miezi sita. Shilingi 280,000 ulizozitaja zingemweka jirani yako nje ya hatari kwa nusu mwaka, na katika nusu mwaka mwanamke anayejua biashara husimama mwenyewe.

Nawashauri mtenge mfuko wa kodi, mbadilishe katiba ili uweze kumfikia asiye mwanachama, na mwende kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu mjitambulishe kabla hamjamsaidia mtu wa pili.

Msaidizi wa Kisheria, Muheza

Naunga mkono aliyosema mzee wetu, nami naongeza upande wa sheria, kwa sababu mara nyingi tunamtafutia mama chumba cha kupanga wakati ana haki katika nyumba aliyoikimbia.

Tanzania Bara haina sheria moja mahususi ya ukatili wa majumbani, hivyo tunashona vipande. Kipigo chenyewe ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, na Sheria ya Ndoa ya 1971, katika kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa viboko. Mtu akikwambia ni mila, mwonyeshe kifungu hicho. Kifungu cha 59 kinamzuia mwanandoa kuuza, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na mwanandoa aliyetelekezwa hawezi kufukuzwa humo na mumewe. Shauri likiwa mahakamani, mahakama inaweza pia kumwamuru mume aache kumsumbua mkewe. Kwa hiyo mama anapotoka usiku kuokoa maisha yake, asikubali kuambiwa na wazee kwamba kutoka kwake ni kuiacha nyumba. Hakuacha kitu.

Wengine huogopa kudai kwa kuwa hawakuchangia fedha. Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la 1983, ilikubali kwamba kazi za nyumbani, yaani kupika, kufua na kulea, ni mchango katika mali iliyochumwa pamoja. Na wale ambao hawakufunga ndoa bali wanaishi tu, kama wanavyosema wenyewe, wakitimiza miaka miwili wakitambulika kama mke na mume, kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinawapa mahali pa kusimama.

Msaada huu haulipiwi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, na Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, TAWLA, kilichoanzishwa 1989, kina ofisi hapo Tanga mjini. Kuhusu fedha zenu, mlipeni mwenye nyumba moja kwa moja, mkataba uandikwe kwa jina la mama mwenyewe na si la kikundi, na nakala moja mtunze ninyi, kwa kuwa ya kwake inaweza kuchanwa.

Mwalimu wa Madrasa, Bagamoyo

Nimesoma kwa makini, na ningependa kusema neno kuhusu yule mzee aliyefuatana na mume hadi barazani, kwa sababu huenda mzee wa namna hiyo ni mimi. Mara nyingi nimeitwa kusuluhisha, na miaka ya mwanzo nilimrudisha mke nyumbani nikidhani nimetenda wema. Aya ya 35 ya Surat An-Nisaa inaelekeza wapatikane wasuluhishi wawili, mmoja kutoka kwa jamaa wa mume na mmoja kutoka kwa jamaa wa mke; haisemi kwamba mzee mmoja aje na mume hadi mlangoni kwa aliyemficha mke. Na katika Surat Al-Baqara tumekatazwa kumbakiza mke kwa nia ya kumdhuru. Suluhu inayofanyika huku mmoja akiwa na hofu si suluhu, ni amri.

Siku hizi simkutanishi mtu na mumewe kabla sijazungumza naye peke yake, mbele ya mke wangu, mahali ambapo mume hajui. Nawaomba wanakikundi wamwendee imamu wao mapema, kabla hajaitwa na upande mwingine.

Mzaliwa wa Makorora, Leicester

Nimefanya kazi ya zamu za usiku katika nyumba ya hifadhi huku Uingereza, na naona kuna jambo linalofichika watu wanapozitazama nyumba za Ulaya na kutaka kuziiga.

Nyumba ya kwanza ya namna hii huku inayojulikana sana ilifunguliwa na Erin Pizzey mtaa wa Chiswick, London, mwaka 1971, na leo mashirika kama Refuge na Women's Aid yanafahamika na kila mtu. Lakini nyumba hizi hazisimami kwa sadaka peke yake. Mama anapoingia, sehemu kubwa ya kodi ya chumba chake hulipwa na posho ya serikali ya makazi, na kwa England, sheria ya 2021 imeziwajibisha halmashauri kugharimia msaada katika makazi salama na kumpa kipaumbele cha nyumba aliyekosa makazi kwa sababu ya ukatili wa nyumbani. Uzito wa hilo tunauona kwa wanawake wahamiaji ambao viza zao haziwaruhusu kupokea fedha za umma: nyumba nyingi huwakataa kwa sababu hakuna wa kuwalipia, na ni mashirika machache, kama Southall Black Sisters la tangu 1979, yanayowapigania. Jengo lipo, kitanda kipo, na mama anabaki nje kwa kukosa kodi. Hapo Ngamiani kila mama atakuwa katika hali hiyo, na mlipaji mtakuwa ninyi.

Huku pia wengi hukaa katika hifadhi miezi mingi kuliko wanavyohitaji, kwa sababu hawapati nyumba ya kuhamia. Na kuna utaratibu mmoja wa gharama ndogo ambao naupenda sana: pale ambapo mume amekwisha kuondolewa, shirika hubadilisha vitasa, huimarisha mlango na madirisha, na mama na watoto hubaki katika nyumba yao na shule yao.

Jambo la mwisho ni simu. Kitu cha kwanza tulichofanya mama alipoingia ni kukagua kama simu yake inaonyesha mahali alipo. Kwenu ongezeni fedha za mtandaoni: mkimtumia fedha kwenye laini ambayo mume anaijua namba ya siri, mmemwambia kila kitu.

Niliyehifadhiwa

Sitaji mji. Nilikaa katika nyumba salama wiki saba, kisha shirika likanilipia chumba miezi mitatu, likanipa mtaji wa kuuza samaki wa kukaanga na karai la kukaangia. Nawashukuru kwa vyote, lakini naomba niwaambie kitu ambacho hakuna aliyeniuliza wakati ule. Chumba walichonipangishia kilikuwa kizuri, chenye dari na umeme, ila mlango ulikuwa na kufuli la nje tu. Ndani hapakuwa na komeo. Kwa usiku kumi na mmoja niliegemeza kitanda mlangoni na kulala nimekaa. Fundi alipokuja kuweka komeo, la shilingi elfu chache tu, mwanangu alilifunga na kulifungua mpaka nikamkataza, na usiku ule nililala mpaka jua likachomoza.

Mnapokwenda kutazama chumba, tazameni mlango kwa upande wa ndani. Tazameni pia choo kilipo, kama ni cha uani kinachopitiwa na watu wa nje, kwa sababu mwanamke mwenye hofu hatoki usiku.

Mama wa Barazani, Tanga

Nawashukuru nyote kwa dhati. Mzee wetu wa ustawi wa jamii, biashara na kona nilizozitaja si za jirani yangu. Nilizibadilisha kabla ya kuandika. Kadi ya kliniki ndiyo kweli kama nilivyoieleza, na nimeshindwa kuibadilisha.

Kikao kilifanyika juzi Jumamosi, nami nilisoma majibu yenu yote kwa sauti. Aliyejitolea kiwanja aliumia kidogo, nasi tumemwomba asikiuze wala asidhani tumekidharau. Tumerekebisha katiba: shilingi 2,000,000 ni mfuko wa kodi, malipo yanakwenda kwa mwenye nyumba, mkataba ni wa mama, na mahali alipo wanafahamu wanachama wawili tu, ambao hata mwenyekiti hana ruhusa ya kuwauliza. Palikuwa na ubishi mkali juu ya kama fedha zirejeshwe, na walioshinda ni wale waliosema zisirejeshwe, kwa kuwa deni lingemrudisha kulekule. Wawili wetu walikwenda kwa afisa ustawi wa jamii, ambaye aliwapokea vizuri na kuwapa namba ya askari wa dawati, na mmoja ataanza mafunzo ya usaidizi wa kisheria. Imamu tutamwendea baada ya Ijumaa.

Jirani yangu bado ana plasta mkononi, na hayuko tena kwa mumewe. Mwenye nyumba mmoja, mjane, amekubali kupokea kodi ya miezi mitatu badala ya sita, bila dalali, baada ya kuambiwa ni kwa ajili ya nini. Chumba chenyewe nakwenda kukitazama kesho asubuhi pamoja na fundi, na komeo nimekwisha kulinunua.